Damu ya Kijani

Saa tatu asubuhi, Dublin. Mvua ya Novemba
inakiosha kioo cha dirisha na kukichafua tena.
Dervla Hanratty anazima taa,
anatua kikombe cha chai juu ya fomu ya serikali
na kazi inaanza: kuhesabu matusi
ya nahodha asiye na kinywa.

Nahodha ni bonge la ute ndani ya ndoo,
mama wa mtoto mmoja, ametalikiwa mara tatu.
Chombo chake hubeba kinyesi cha sayari tajiri
kwenda kukimwaga kwenye sayari maskini,
na njiani hutukana.
Tusi la kwanza, dakika ya pili. Dervla anachora mstari.
Yanayofuata yanakuja kama siafu, kalamu inachoka.
Na tusi la lugha isiyokuwapo, ya mwezi usiokuwapo,
ni tusi? Mwongozo, ukurasa wa thelathini na moja,
umekaa kimya.

Mlango unamkata fundi wa mitambo katikati.
Damu inaruka hadi darini, kijani kibichi.
Nusu ya juu inailaumu nusu ya chini kwa uzembe,
na Dervla anacheka hadi anapaliwa na chai.
Kisha anairudisha picha nyuma, mara nne,
uso mkavu, kama mkaguzi wa machinjio.
Damu ya kijani ni damu?
Fiachra wa meza ya pili anasema ni rangi tu.
Oonagh, aliyekuwa muuguzi zamani,
anasema aliyekatwa hachagui rangi.

Roboti wawili wanafunguana skrubu, polepole,
saksafoni inalia. Hapana ngozi, hapana nyama,
bati tupu na mafuta ya mashine,
lakini Fiachra ameinamia viatu vyake.
Dervla anaandika: *ngono, ya kudokezwa, kwa bisibisi.*

Ukutani wanawatazama waliotangulia,
wanaume wa tai nyeusi
waliokata mabusu kwa mkasi
wakayafagia sakafuni kama nywele za kinyozi.
Siku hizi hakikatwi kitu. Hutolewa namba tu:
kumi na mbili, kumi na tano, kumi na minane,
kana kwamba mtu huiva kwa tarehe, kama jibini.
Utu uzima dawa, husema wahenga.
Basi mbona chupa yake imeandikwa
*weka mbali na watoto?*

Dakika ya kumi na tisa redio ya chombo inakoroma.
Sauti ya binti, imesafiri miaka sabini gizani:
*Mama, nimeng'oka jino.
Nimelificha kwenye soksi. Ukirudi nitakuonyesha.*
Nahodha anapiga hesabu.
Hana macho ya kulilia.
Ute unatetemeka ndani ya ndoo, basi.
Sekunde arobaini: hakuna tusi, hakuna damu,
hata saksafoni imenyamaza.
Halafu mtu anajamba, na safari inaendelea.

Fiachra ameshaanza kujumlisha.
Vurugu, kisanduku. Matusi, kisanduku.
Ngono, dawa za kulevya, mifano ya kuigwa,
visanduku, visanduku.
Dervla anaigeuza fomu, anatazama nyuma yake.
Hakuna kisanduku cha jino.

Anakumbuka Jumanne iliyopita.
Cathal, miaka kumi na mitatu, mlango umefungwa,
kicheko chake kikipenya ukutani, kibaya, cha kiume kipya.
Kisha kimya.
Kisha akaja jikoni na soksi moja mguuni,
akamkumbatia mama yake kwa nyuma, bila kuombwa kitu,
akaganda hapo hadi viazi vikaungua.
Naye Dervla, mjuzi wa maudhui, akamshika paji la uso
akidhani ana homa.

*Kumi na sita,* anaandika.
Mkono haukutetemeka, sheria ni sheria.
Anainua kikombe. Chini yake fomu imeloa,
duara la kahawia, lisilo kamili,
limeangukia pale panaposema *Maoni mengine.*
Analiacha hivyo hivyo.